Siku Tisa za Kugeuza Chungu

Niliyegeuza kile chungu ni mimi. Nasema mapema ili mtu asinionee huruma bure katikati ya habari hii, halafu akifika mwisho anitukane. Nilikigeuza kwa mikono yangu miwili, asubuhi tisa mfululizo, kabla ya kwenda kazini Hurlingham, ambako napokea wagonjwa kwa daktari wa meno. Kila nilipokigeuza nilijua ninachofanya.

Kilikuwa chungu cha okidi. Baba yangu, Mzee Ndungu, ana nyumba za kupangisha Waithaka, lakini ukimuuliza kazi yake atakwambia ni okidi. Huku kwetu Mutuini ukisema unaenda kwa Ndungu wa maua hupotei. Tena anapenda aina moja tu, zile ambazo ua lake lina mdomo uliojifinyanga kama kiatu cha mtoto mchanga. Sisi nyumbani tunaziita viatu. Juu ya kiatu husimama jani pana la ua, hilo ni kilemba, na ubavuni kuna mikono miwili. Baba hupima kilemba kwa rula. Marehemu mama alikuwa akisema kwamba angezaliwa ua, angependwa mapema zaidi.

Sifuna alikuja kwetu kutoka Kimilili miaka minane iliyopita kuchimba mtaro, akabaki. Ana mikono mikubwa isiyovunja kitu. Siku moja alimwomba Baba ruhusa ya kuozesha maua mawili, moja jeupe lenye kilemba kipana na moja jekundu la rangi ya divai. Alichukua chavua kwa kijiti cha meno, akaipachika, akangoja. Mbegu zake zilikuwa laini kama vumbi. Zilioteshwa ndani ya chupa, ikatoka miche arobaini, na miche hiyo huwa kama watoto wa tumbo moja, huyu mrembo, yule kachukua pua ya mjomba. Huwezi kujua nani ni nani mpaka ua la kwanza lifunguke, na hiyo ni kazi ya miaka.

Siku ya kupandikiza miche Baba alikuwa na furaha zake. Akasema mbele ya kila mtu, "Sifuna, siku mche wako utatoa ua ambayo sitapata kasoro, niombe kitu yoyote. Yoyote!" Watu wakacheka. Sifuna hakucheka, na mimi sikucheka, maana tulikuwa tumeshaanza kupendana. Dada yake Peres ndiye anayenisuka pale Kenyatta Market. Sifuna alikuja siku moja kumletea dada yake chakula, akanikuta nimekaa chini kichwa kimeshikwa, akasahau kuondoka.

Basi tangu hapo kila nikimwambia zungumza na Baba, jibu ni moja. "Tungoje ua, Anita." Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Sasa nina thelathini na mbili.

Mwaka huu mche wa kwanza ukatoa tumba. Jioni moja nikapita nyuma ya baraza, nikamsikia Baba akimwambia dada yake, Tata Wanjugu, "Hiyo ua hata ikikuwa nzuri namna gani, nitamwambia ya kwanza ni ya kubahatisha, tungoje ya pili. Ya pili ikikuja, nitataka ya tatu. Huyo kijana atazeeka akishika mkebe ya maji." Wote wawili wakacheka mpaka Tata akakohoa. Mimi nilisimama pale nimejaa hasira, na sijui nilimkasirikia nani zaidi, yeye anayedanganya au Sifuna anayedanganyika.

Wiki hiyohiyo mjomba wake Sifuna akafariki. Kabla ya kwenda matangani alinipeleka kwenye kibanda cha neti, akanionyesha chungu. Kikonyo kilikuwa na urefu wa vidole vinne, tumba juu yake kama punje ya maharagwe. Upande mmoja wa chungu alikuwa amepaka tone la rangi nyeupe.

"Hii nyeupe ikae imeangalia kule jua hutokea," akaniambia. "Kikonyo hufuata mwanga. Ukigeuza chungu inapinda shingo ikitafuta mwanga tena, ua ikifunguka inaangalia kando. Mutie atamwagilia zingine. Hii ni yako. Usiigeuze, Anita. Maji tu."

Nikaitikia. Akaenda kuzika. Na mimi nikaanza kugeuza, robo leo, robo kesho, na asubuhi ile ya mwisho nikalirudisha lile tone jeupe mahali pake. Nikajiapia pia: siku Baba atakapopima ua, Sifuna asipofungua mdomo aniombe kwa maneno yake, mimi na yeye basi. Nisilie, nisimngoje tena.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Baba hapimi ua bichi, kwa sababu viatu hivi huendelea kujikunjua na kukua wiki mbili nzima baada ya kufunguka. Siku ya kumi na nne alivaa koti lake la kanisani, akatia miwani, akaita watu. Tata Wanjugu alikuja kutoka Kinoo na leso shingoni. Mutie, mfanyakazi wetu wa siku nyingi, mzee wa Kikamba mwenye ndevu za mvi, alisimama na mkebe wake mlangoni. Mimi nilijibanza karibu na nguzo.

"Haya, Sifuna, lete bibi harusi," Baba akatania.

Sifuna akaleta chungu, akakiweka mezani taratibu. Mungu wangu, lilikuwa ua. Kilemba cheupe kilichochorwa mishipa ya zambarau, kipana karibu na kiganja changu. Kiatu chekundu kilichong'aa kama kimepakwa mafuta. Lakini lilikuwa limegeuza uso kando kama mtu aliyenuna, mkono mmoja umeinuka, mwingine umeanguka. Sifuna alikuwa amelitazama hivyo siku kumi na nne, kila siku akiomba linyooke.

Baba alipima kilemba. "Sentimita nane kasoro kidogo. Ua ya kwanza! Wanjugu, umeona?" Akapima kiatu. Akachunguza rangi kwa nyuma na kwa mbele. Nilimwona Sifuna akivuta pumzi na kuishikilia. Kisha Baba akashuka na kidole kwenye kikonyo, polepole, akasimama.

"Lakini hii shingo."

"Itanyooka, Mzee," Sifuna akasema.

"Hainyooki. Shika hapa. Imesokotwa kama nguo ikikamuliwa. Hii haijazaliwa hivi. Nani aligeuza chungu?"

Sifuna alishika kikonyo, na nikaona uso wake ukibadilika alipofika pale pa kusokotwa. Wiki mbili zote alikuwa akidhani kasoro imo kwenye damu ya mche. Akageuka polepole.

"Mutie."

"Mimi?" Mutie akashtuka.

"Ni nani mwingine alikuwa hapa na maji? Nilikuambia hiyo usiguse!"

"Sifuna, nimekaa hii shamba miaka kumi na tatu. Kugeuza chungu ya ua si kitu naeza kufanya hata nikiwa mlevi."

"Basi ilijigeuza? Ilikuwa na miguu?" Sauti ya Sifuna ilikuwa inakatika. Sijawahi kumsikia akimpazia sauti mtu mzima.

Baba hakungoja. "Mutie, weka hiyo mkebe chini. Enda uchukue vitu zako."

Mutie aliinama akaweka mkebe chini kwa adabu, akaifuta mikono kwenye suruali. Na mimi, sitajisafisha, nilifikiria kunyamaza. Nilifikiria kwa muda ambao mtu anaweza kuhesabu mpaka tano. Halafu nikamwona anavyotafuta kofia yake ilipo na haioni, na iko kichwani.

"Dad, ni mimi," nikasema. "Mutie hajagusa kitu. Mimi ndio niligeuza."

Wote wakaniangalia. Wa kwanza kupata sauti alikuwa Baba, na sauti yenyewe ilikuwa kicheko.

"Umesikia, Sifuna? Ulikuwa unajua naona vile mnaangaliana kwa hiyo lango? Nilikuwa naona! Nikasema ngoja. Sasa msichana mwenyewe amekujibu. Mimi sina hata kitu ya kuongeza."

"Anita ni mjanja," Tata akadakia, akijipangusa machozi ya kicheko. "Kukataa mtu bila kufungua mdomo. Haki ya Mungu, huyu ni wetu."

Sifuna alinitazama. Sikuona hasira kwanza, nilimwona kama mtu aliyekosa ngazi gizani. Kisha hasira ikaja. Akatoka bila neno, akapita kando yangu bila hata nguo yake kunigusa.

Nilimkuta nyuma ya tangi la maji.

"Siku gani?" akauliza bila kugeuka.

"Siku gani nini?"

"Uligeuza siku gani?"

"Zote."

"Zote tisa?"

"Zote tisa."

"Mimi nikiwa kwa matanga." Sasa akageuka. "Natupa mchanga kwa kaburi ya mjomba yangu na wewe uko hapa unanimaliza. Na kila jioni nakupigia. Nauliza chungu iko aje? Unasema iko sawa, babe, usiwe na wasi."

"Nilisema hivyo."

"Ulikuwa unacheka?"

"Sikucheka, Sifuna. Sikulala vizuri hata siku moja."

"Pole sana! Nikuletee maziwa?" Alipiga tangi kwa kiganja, likalia. "Kama hunitaki si ungesema? Una mdomo. Hii Dagoretti yote inajua una mdomo."

Hapo ndipo damu iliponichemka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila tusi isipokuwa hilo.

"Nani amekuambia sikutaki?"

"Wewe! Leo! Mbele ya baba yako!"

"Hilo ni neno la Dad. Si langu. Na wewe kama kawaida yako umelichukua lote, umeweka mfukoni. Kila kitu Dad anasema unaamini. Ngoja nikuambie kile nilisikia hapo baraza."

Nikamwambia. Ua la kwanza, la pili, la tatu, na kuzeeka akishika mkebe. Nikamwambia mpaka kikohozi cha Tata. Alisikiliza huku anatikisa kichwa.

"Uongo. Mzee ni mtu wa neno."

"Sifuna, wewe mwenyewe ndiye ulinifundisha! Ulisema ua la kwanza halipimi mche. Linaweza kutoka dogo na la pili likawa kubwa. Linaweza kutoka zuri na la pili likaharibika. Ulisema mtu mwenye akili hatupi mche wala hausifu mpaka aone ua mara mbili tatu. Watu wote wa viatu wanajua. Ulidhani ni Dad pekee yake hajui?"

Alijua viatu kuliko sisi sote.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza, sasa kwa sauti ya chini.

"Ungesema nini? Ungesema basi tungoje la pili."

Macho yake yakaenda kwenye kibanda cha neti.

"Ndiyo hiyo," nikasema. "Mimi si zawadi ya maonyesho, Sifuna. Sitaki nipotezwe kwa sababu ya shingo ya ua, wala nipatikane kwa sababu yake. Nilitaka kuona kama hilo ua likiondoka una kitu kingine umebaki nacho cha kusema."

"Kwa hivyo ulinijaribu. Kama mtoto."

"Nilikujaribu."

"Hiyo ni roho mbaya, Anita."

"Ni roho mbaya. Nimekubali."

Alikuwa na chembe za gome la mti kwenye mkono wa shati, zile tunazopandia okidi. Siku nyingine ningezipangusa. Nilitamani kuzipangusa mpaka vidole vikaniwasha, lakini macho yake yalinikataza kabisa, nikaifungia mikono nyuma.

"Na wewe?" akasema.

"Mimi nini?"

"Miaka sita. Huyo ni baba yako. Mnakula meza moja, mnaenda kanisa gari moja. Ulimwambia nini, siku gani? Mimi ni mtu wa kufagia majani, nalala chumba yake, nakula kwa mkono yake. Nikikosea mdomo natupwa nje na dada yangu ananipokea kwa salon. Wewe ukikosea utafanywa nini? Utanuniwa wiki mbili. Lakini ulitaka mimi niongee, na wewe ukae nyuma ya mlango usikilize."

Ni kweli, sikuwahi kumwambia Baba hata nusu ya neno. Nilikuwa nimemhukumu Sifuna kwa woga ambao nusu yake ilikuwa yangu.

"Umenyamaza," akasema. "Leo umenyamaza."

"Sifuna..."

"Naenda kuongea na yeye. Na usidhani umeniweza. Naenda kwa sababu nimetaka kuenda tangu mwaka wa kwanza na nikaogopa, na nimechoka kuogopa. Hiyo yako na mimi tutaona."

Akaenda kwa hatua ndefu. Nikamfuata mbio, viatu vyangu vya kazini vikizama kwenye udongo.

Baba na Tata walikuwa wameshahamia barazani na chai imemiminwa. Sifuna alisimama kwenye ngazi ya chini. Hakuketi, hakuombwa kuketi.

"Mzee, naomba kuongea."

"Ongea. Kama ni ile ua, tuingoje ya pili. Unajua ya kwanza ni ya kubahatisha."

Nilimwona Sifuna akilipokea neno hilo kama kofi. Alinitupia jicho mara moja, kisha akarudi kwa Baba.

"Si ua. Naomba ruhusa nilete wazee wetu kutoka Kimilili waone hii boma. Ni juu ya Anita."

Kijiko cha Tata kikaacha kuzunguka kikombeni.

"Na bila ua?" Baba akauliza.

"Ua imeharibika, Mzee. Wazee hawajaharibika."

Baba alimeza chai kabla ya kujibu. "Sifuna, mimi si mkabila. Uliza mtu yeyote Mutuini. Nusu ya wapangaji wangu ni watu wenu na nawasalimia kila mwisho wa mwezi. Lakini wewe unakaa wapi? Hapo nyuma, kwa chumba nilikupa. Kesho nikisema toka?"

"Nitatoka. Wazee bado watakuja."

"Anita amezoea maisha fulani."

"Najua. Mimi ndio huosha gari yake."

"Usinijibu hivyo!"

"Sikujibu vibaya, Mzee. Nasema ukweli."

Baba alikuwa karibu kusimama, na mishipa ya shingo imemtoka. Lakini Tata Wanjugu akamshika mkono. Tata hampendi Sifuna. Alishawahi kuniambia watu wa kabila lake wanakula kuku mpaka akili inawaisha. Kwa hivyo nilidhani anamzuia Baba kwa sababu ya presha yake tu.

"Ndungu, usimfukuze hivyo," akasema kwa upole wa kunitisha. "Ataenda kuambia watu ni mambo ya kabila. Fanya vile hufanywa. Muulize msichana mbele yetu. Akisema hapana, imeisha, hakuna mtu atarudi kuuliza mara ya pili."

Huo ni utaratibu wetu wa zamani. Mzazi hapokei kinywaji cha wageni mpaka binti aulizwe mbele ya mashahidi kama anataka. Jibu lake ndilo litakalofuatwa, na swali haliulizwi tena. Baba alimtazama dada yake, uso ukamnyooka, akatabasamu. Alikuwa ameona chungu kilichogeuzwa, na kwake hilo lilikuwa jibu tayari. Alibakisha tu kulisikia kwa masikio.

"Mutie!" akaita. "Kuja hapa. Ukuwe shahidi."

Mutie, aliyefutwa kazi nusu saa iliyopita na kurudishwa bila kuombwa radhi, akaja na kofia mkononi. Baba akaweka kikombe chini, akajikohoza, akavaa sauti ya wazee.

"Anita, mtoto wa Ndungu. Huyu kijana anasema alete wazee wao kwa hii boma. Wakuje, ama wasikuje?"

Nilimtazama Sifuna. Hakuniangalia. Alikuwa anaitazama sakafu na taya limekaza, kama mtu anayengoja sindano, na nikaelewa kwamba hakujua. Baada ya yote niliyomwambia nyuma ya tangi, bado aliona naweza kusema hapana. Hilo liliniuma kuliko maneno yote aliyonitupia, kwa sababu nilikuwa nimelifanya mwenyewe kwa mikono yangu. Nikashika nguzo ya baraza.

"Waje," nikasema.

"Umesema?"

"Waje, Dad. Nampenda Sifuna. Nimempenda miaka sita nikaogopa kukwambia, na hilo ni kosa langu, si lake."

"Uliharibu ua yake!"

"Kwa sababu ungetaka la pili. Halafu la tatu. Nilikusikia hapahapa ukimwambia Tata atazeeka akishika mkebe."

Tata alijifanya anatafuta sukari. Baba alimgeukia, uso umemwiva.

"Wanjugu, unasikia?"

"Nasikia. Umeuliza, Ndungu. Mbele yangu."

"Wewe ndio uliniambia niulize!"

"Nilidhani atakataa!"

"Basi nauliza tena."

"Haiulizwi tena," Tata akasema. Hakufurahi hata kidogo, lakini kwa mambo hayo hacheki na mtu. "Hata baba yetu hangeuliza tena."

"Mimi nimesikia waje," Mutie akasema, akivaa kofia yake.

Baba akasimama. Nilidhani atanipiga, ingawa hajawahi. Akamnyooshea Sifuna kidole.

"Kazi yako imeisha leo. Saa hii. Hiyo miche yote ulifanya iko kwa shamba yangu na ni yangu. Hao wazee wako wakikuja watapata chai, na chai peke yake. Na wewe, msichana, usiniongeleshe."

"Sawa, Mzee," Sifuna akasema. "Asante kwa chai."

Baba akaenda kwenye kibanda cha neti, akafunga mlango kwa ndani. Kwake hilo ndilo kanisa na ndilo hospitali.

Sifuna alifungasha kwa muda mfupi. Begi moja na blanketi. Nilimngoja langoni, na alipofika hakusimama, ikabidi nitembee kando yake.

"Sema kitu," nikamwambia. "Hata nitukane."

"Miche thelathini na tisa imebaki huko ndani," akasema akitazama mbele. "Mingine itatoa ua mwaka ujao. Sitaona hata moja ikifunguka."

"Najua."

"Hujui. Hiyo yote nilifanya kwa kijiti ya meno, moja moja, nikiwaza siku nitakuonyesha. Wewe ulitaka maneno. Mimi hayo maua ndiyo yalikuwa maneno yangu."

Nikaanza kulia, na sikuwa nimepanga kulia. Alisimama. Hakunifuta machozi.

"Nilikukosea," nikasema. "Sitakujaribu tena."

"Apa."

"Naapa."

"Si hivyo. Apa kwa kitu unaogopa kupoteza."

"Naapa kwako wewe."

Baba alikuwa ametoka kibandani, amesimama katikati ya shamba, na Tata na Mutie wako barazani, wote watatu macho yametukodolea. Katika miaka sita hatukuwahi hata kusimama karibu tukiwa ndani ya boma hilo.

"Mimi bado sijakusamehe," Sifuna akasema. "Ujue hivyo. Wazee watakuja na mimi bado sijakusamehe."

Halafu akanishika mkono mbele yao wote, akaubana mpaka ukaniuma.